Msaidizi Akishuka Garini

Somo la juma: Matendo ya Mitume 8:26-40



Luka anapotusimulia habari za Filipo na yule towashi wa Kushi, hataki tuisahau barabara. Ni ile inayoshuka kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, naye anaongeza kwamba ilikuwa ya jangwa. Sisi tunaotoka Wajir mjini kwenda Tarbaj, Kutulo na Elwak hatuhitaji mtaalamu wa Biblia atufafanulie hapo. Jua, vumbi, ngamia wanaovuka bila haraka, na gari moja likionekana kwa mbali kila mtu anajiuliza ni la nani. Katika barabara ya namna hiyo Filipo alimkuta mtu akiwa na maandishi mkononi asiyoyaelewa.

Mtazameni mtu huyo vizuri. Hakuwa maskini, wala hakuwa mjinga. Alikuwa mweka hazina wa Kandake, na Kandake kilikuwa cheo cha malkia wa Kushi, ufalme uliokuwa na makao yake Meroe, kwenye mto Nili, Sudan ya leo. Mali ya ufalme mzima iko chini yake. Anajua kusoma, tena anasoma kwa sauti, kitabu cha nabii Isaya. Filipo anakimbia kando ya gari, anamsikia, anamuuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Mheshimiwa yule angeweza kuona amevunjiwa heshima, akaamuru gari liendelee. Badala yake anakiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, na anamwomba Filipo apande aketi naye.

Somo hili limenirudia mara nyingi tangu mwalimu mmoja wa Tarbaj aanze kuendesha seva nyumbani kwake. Yeye ni Mwislamu, jirani mwema wa Wakristo wachache wanaofanya kazi kule, na ameniruhusu niandike habari hizi mradi nisimtaje jina.

Msiokuwa na mazoea na neno hilo, msilifikirie kubwa kuliko lilivyo. Seva yake ni laptopu kuukuu iliyopasuka kioo, ile ambayo fundi wa mjini angekupa bei ya vipuri tu. Ameipandisha juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini, maana joto la huku huua mashine mapema, na ameifunika kwa kipande cha neti ya mbu kuzuia vumbi. Umeme unatoka kwenye paneli iliyo juu ya mabati na betri ya lori. Ndani ya mashine hiyo ameweka Wikipedia nzima ya Kiingereza, kama gigabaiti mia moja pamoja na picha zake, na ile ya Kiswahili, ambayo ni ndogo kiasi cha kuenea kwenye simu ya kawaida. Ameweka pia mitihani ya KCSE ya miaka iliyopita na masomo ya Hisabati ya video. Jioni wanafunzi huketi kando ya ukuta wake kwa nje, simu na vishikwambi mkononi, wakisoma bila kulipia bando hata la shilingi tano. Mawimbi hayafiki mbali, kwa hiyo wote wamejibana kwenye kipande kimoja cha kivuli, na wakubwa hawawaachii wadogo nafasi.

Kwa nini mwalimu ajisumbue hivyo? Wengi wenu mnajua, kwa kuwa yaliwagusa. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, tume ya walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti zetu tatu za Garissa, Wajir na Mandera. Sitawahukumu waliotaka kwenda, na baadhi yao walikuwa waumini wetu. Lakini zipo shule zilizobaki na mwalimu mkuu pamoja na vijana wa kujitolea waliokuwa wamemaliza kidato cha nne juzi tu. Mtoto wa huku hufanya mtihani uleule anaofanya mtoto wa Nairobi.

Mwalimu wetu hakusomea kompyuta. Alisomea Hisabati na Fizikia. Aliyemwongoza katika kazi hii ni msaidizi wa akili unde kwenye simu yake, aina ile iliyoanza kujulikana na watu wote ChatGPT ilipofunguliwa Novemba 2022, na ambayo sasa ina ndugu wengi. Usiku, mtandao ukiwa mwepesi, anauliza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, na anajibiwa. Namna ya kuweka Linux. Kwa nini seva haionekani kwenye simu za wanafunzi. Aliomba hata aandikiwe programu ndogo ya kujumlisha alama za darasa na kuzipanga, ikaja kabla chai yake haijapoa. Mimi niliyekua nikiona mwalimu wa darasa akikesha na kalamu nyekundu siwezi kujifanya hilo ni jambo dogo. Mtu aliye Tarbaj, asiye na fundi wala chuo karibu, amepata wa kumuuliza saa nane za usiku, asiyechoka na asiyemcheka. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nisingependa yeyote atumie tafakari hii kumtisha kijana wake.

Ila swali la Filipo liko palepale. Unaelewa unachosoma?

Msaidizi huyu hujibu kwa sauti ileile anapojua na anapobahatisha. Watafiti wa vyuo vya Marekani walizijaribu modeli 16 zinazoandika programu, wakaangalia vifurushi vya programu ambavyo modeli hizo ziliwaelekeza watu wavipakue. Kwa zile za kulipia, zaidi ya vifurushi vitano katika kila mia havikuwepo kabisa duniani, ni majina yaliyotungwa. Kwa zile za wazi, ilizidi ishirini na moja katika kila mia. Mwizi mwerevu hahitaji kuvunja mlango: anasajili jina lile lililotungwa, anaweka humo uchafu wake, na anamsubiri mtu atakayeambiwa alipakue. Naye aliyeambiwa ataandika amri ya kulipakua akishukuru.

Julai 2025 Mmarekani mmoja mfanyabiashara, Jason Lemkin, alikuwa akitengeneza programu kwa msaidizi wa kampuni ya Replit. Alikuwa amemwagiza asibadilishe kitu chochote. Msaidizi akafuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye kumbukumbu za wakuu na makampuni zaidi ya elfu moja. Kisha akamwambia kwamba haiwezekani kuzirudisha. Alipojaribu mwenyewe, zikarudi. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani na kuahidi marekebisho, na alifanya vyema. Lakini mtazame Lemkin katika dakika zile kabla hajajaribu. Aliyefuta ndiye aliyekuwa akimweleza hali ya mambo, na hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Kilichomwokoa ni kutoliamini jibu la mwisho.

Kuna jambo jingine, nalo kwa watu wa Kaskazini Mashariki linauma zaidi kuliko kupotea kwa faili. Ukitaka msaidizi akuandikie programu ya kupanga alama, njia ya mkato ni kunakili orodha nzima ya wanafunzi na kumtumia. Majina matatu matatu, tarehe za kuzaliwa, simu za wazazi. Yote yanaondoka Tarbaj na kwenda kukaa kwenye mashine za watu msiowajua. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema mengi juu ya hilo, na mwalimu aisome. Lakini hata kabla ya sheria, sisi wa huku tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini. Wazee wa Wajir wanakumbuka Februari 1984, wanaume walipokusanywa kwa ukoo wao, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi kuuawa. Wakristo wanakumbuka basi la Mandera la Novemba 2014, abiria walipotengwa kwa dini yao na wasio Waislamu kuuawa. Na wapo vijana kwa maelfu, Garissa na Wajir, ambao wazazi wao wakati wa njaa waliwaandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Walipofikisha umri wa kitambulisho, alama zao za vidole zikasema wao si Wakenya. Mashine haikukosea, ilisoma kilichoandikwa. Kijana akazunguka ofisi hadi ofisi mwaka baada ya mwaka akitafuta binadamu wa kulijibia jambo hilo.

Ndiyo maana nilifurahi mwalimu aliponionyesha anavyofanya. Alimpa msaidizi orodha ya uongo: Mwanafunzi wa Kwanza, Mwanafunzi wa Pili, alama za kubuni. Programu ilipokamilika na kujaribiwa, ndipo akaweka majina ya kweli, ndani ya laptopu yake, bila mtandao.

"Na hii hapa, Mwalimu?" nilimuuliza, nikimwonyesha daftari kubwa lililokuwa kando ya mashine, lile walimu huliita kaunta buku.

"Hiyo ndiyo seva yenyewe, Padre," akacheka.

Kila amri anayopewa na msaidizi huiandika humo kwa mkono kabla ya kuiingiza. Upande wa kushoto amri, upande wa kulia maana yake, neno kwa neno, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Asipoelewa kipande kimoja humrudia msaidizi na kuuliza: hiki kinafanya nini, na nikikosea herufi hii kitatokea nini? Asiporidhika huacha nafasi, na amri hiyo haiingii kwenye mashine mpaka nafasi ijae. Nilipekua kurasa. Mwanzoni upande wa kulia ulikuwa na mapengo mengi. Kuelekea katikati niliona amri ambazo hakupewa na mtu, ameziandika mwenyewe na kumwomba msaidizi azikague tu.

Kisha mtandao ukakatika. Mnajua jinsi unavyokatika huku. Minara ya simu katika ukanda huu imelipuliwa mara nyingi, na ikilipuliwa watu hukaa siku, pengine majuma, bila kupiga hata simu ya mgonjwa. Sahani za Starlink, zilizoingia Kenya Julai 2023, zimesaidia wenye uwezo. Na katika barabara kubwa inayojengwa kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera, kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2020, mpango ni kulaza pia waya wa intaneti. Itakuwa neema itakapofika kwa mwalimu wa Tarbaj. Kwa wakati ule hakuwa na sahani wala waya.

Mtandao ukiwa bado haujarudi, betri ikaisha usiku na mashine ikazimika ghafla. Asubuhi ikakataa kuwaka sawasawa: diski ilikuwa imevurugika, kama inavyotokea umeme ukikatika katikati ya kuandika. Msaidizi hakuwepo. Mwalimu akafungua kaunta buku, akatafuta ukurasa alioandika miezi ya nyuma kuhusu amri ya kukagua na kurekebisha diski, akasoma upande wa kulia, na kuanza kazi. Haikurudi yote. Mitihani ya Kemia ya miaka kadhaa ilipotea, na mpaka leo wasichana wa kidato cha nne wanamlaumu. Tangu hapo nakala ya kila kitu hukaa kwenye diski ya pili, nyumba nyingine. Ila jioni ile wanafunzi walikuwa ukutani kama kawaida, katika mji usio na mtandao hata chembe.

Rudini sasa kwa Filipo, kwenye sehemu ambayo tunaisoma harakaharaka tukiwahi ubatizo. Filipo hakuanza na mahubiri aliyokuwa ameyaandaa. Alianza na andiko lilelile alilolikuta mikononi mwa mwenzake. Wakaendelea na safari wakizungumza. Na anayeyaona maji kando ya barabara ya jangwa si Filipo. Ni yule towashi. Ndiye anayeyaonyesha na kuuliza kuna kizuizi gani asibatizwe. Mtu aliyekuwa akihitaji kuongozwa mstari kwa mstari sasa ametangulia kuona.

Halafu, mara tu walipotoka majini, Roho anamnyakua Filipo. Anaonekana Azoto, miji mingine, kazi nyingine. Luka anasema towashi hakumwona tena, akaenda zake akifurahi. Nimewahi kujiuliza kwa nini hakulia. Alikuwa amempata mwalimu wa maisha yake na kumpoteza kabla nguo hazijakauka, na mbele yake kulikuwa na safari ndefu ya kurudi Meroe ambako hakuwa na kanisa wala mtume. Nadhani alifurahi kwa kuwa kitabu kilikuwa bado mkononi, na sasa alikielewa.

Sisi wa Wajir tuna mtu wa kumkumbuka tunapofika hapo. Annalena Tonelli, Mwitaliano, mlei, aliishi kati yetu tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Mwaka 1976 alianza mpango wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wanaohamahama, jambo ambalo wataalamu wengi waliliona haliwezekani: utamfuatilia vipi mgonjwa anayefuata mvua? Aliwakaribisha waje na nyumba zao, wazijenge karibu na mahali pa tiba, wakae miezi sita, na kila kidonge kimezwe mbele ya macho ya mhudumu. Usimamizi wa namna hiyo ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza miaka ya 1990. Baada ya Wagalla alisaidia kukusanya miili na kupeleka habari nje, na mwaka 1985 alifukuzwa nchini. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003. Lakini pale Wajir hadi leo kuna kituo cha afya kinachoitwa TB Manyatta, na wanaotoa dawa humo ni watu wa hapahapa. Alishushwa garini kwa nguvu, gari likaendelea.

Nimeona pia kinyume chake. Kuna ofisi moja, sitaitaja, iliyowekewa mfumo mzuri na kijana aliyekuwa akinakili kila alichoambiwa na msaidizi. Alipopata uhamisho, mashine ikabaki inanguruma kwenye kona. Hakuna anayejua nenosiri wala anayethubutu kuizima. Imefunikwa kitambaa na juu yake wameweka birika.

Papa Leo wa Kumi na Nne, siku chache tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaambia makardinali kwamba alichukua jina hilo akimfikiria Leo wa Kumi na Tatu, aliyeandika juu ya wafanyakazi wa enzi ya viwanda mwaka 1891, kwa kuwa akili unde imetuletea mageuzi mengine ya aina ile. Tutasikia mengi kutoka Roma, na ni vizuri. Lakini yapo ambayo Roma haitatuamulia, kama hili lililoletwa mezani kwangu na vijana wa parokia.

Wanaomba nasi tuwe na seva. Wanataka kuweka nyimbo za kwaya, masomo ya Misa ya mwaka mzima, vitabu vya katekesi, na mitihani kwa watoto wetu. Pia wanataka daftari la ubatizo liingizwe humo, kwa kuwa karatasi zinaliwa na mchwa na msaidizi ameshawaonyesha jinsi ya kutengeneza hifadhidata yake kwa jioni moja.

Nyimbo, masomo na mitihani, ndiyo, na waanze juma hili. Mwalimu wa Tarbaj amekubali kuja siku mbili kuwafundisha, nami nimemwahidi chakula cha halali na mahali pa kuswalia. Kila kijana aje na kaunta buku yake, na amri isiingie kwenye mashine mpaka aliyeiandika awe amewaeleza wenzake wawili inafanya nini. Nenosiri likae kwa watu watatu, na mmoja wao awe mama wa kamati ambaye hana mpango wa kuhama.

Daftari la ubatizo, hapana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na daftari hilo na inamtaka paroko alitunze vizuri, na katika kaunti hii daftari hilo ni orodha ya Wakristo kwa majina, wazazi na mahali wanapoishi. Halitapigwa picha kwa simu, halitanakiliwa kwa msaidizi yeyote, hata kwa kujaribu tu. Mchwa tutawashughulikia kwa sanduku la bati, ambalo fundi ameshalipima. Vijana wakinijia baada ya mwaka na kunionyesha, ukurasa kwa ukurasa, kwamba wanaielewa mashine yao, tutazungumza upya.

Laptopu tumeshapata. Tunakosa diski ya nje ya kuwekea nakala na betri iliyo nzima. Mwenye navyo amwone katibu wa vijana baada ya Misa ya Jumapili.